Nongo za Bafu la Kale

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika mji wa kale, na kila siku ni yale yale: ngome, makumbusho, mnara wa saa. Juzijuzi mgeni mmoja alinipigia miayo usoni, akasema hayo yote ameshayaona kwenye simu.

Wifi yangu, mke wa kaka, akanicheka. "Huu mji una mambo, ninyi mmelala tu. Twende tukayatafute yaliyosahaulika." Anapenda kupiga picha, na miguu yake haijui kutulia.

Jua lilikuwa linazama tulipomuuliza mzee fundi viatu, aliyeketi pale mtaa unapoishia, kama huko nyuma kuna cha kuwaonyesha wageni.

"Lipo bafu la umma la zamani, nyuma ya ghala," akasema. "Hakuna anayekwenda."

Hakumaliza. Wifi alikuwa ameshaondoka, nami nikamfuata.

Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Harufu ilitupokea kabla ya giza. Umewahi kusahau tambara bichi ndani ya ndoo, ukaja kulifunua limeshavunda? Basi ile. Ila hii ilikuwa na utamutamu wa nywele zisizooshwa, na kwapa za watu wengi.

"Hodi," nikaita.

Kisha...

Chwa. Chwa. Chwa.

Kama mtu anayesugua.

Ukumbi ulikuwa mwembamba ajabu, mabega yaligusa pande zote mbili. Nikanyoosha mkono nijishikize. Ukuta ukabonyea.

Ulikuwa laini, wa kijivu, wenye mafuta. Nilipochomoa vidole, kucha zilijaa kitu kama nta chenye vinyweleo. Nikajifuta kwenye sketi. Hakikutoka, kilijiviringa tu, vijiti vijiti.

Nongo.

Nongo za watu, zimepakwa ukutani kama lipu.

Nikarudi nyuma hatua moja. "Wifi, tutoke."

"Subiri. Picha moja tu."

Chumba cha ndani kilikuwa na jiwe la kukalia, na juu yake mwanamke. Mwanga wa mwisho wa dirishani ulimwangukia. Ngozi yake iling'aa kama yai lililomenywa. Hana kunyanzi. Hana nyusi. Viganja vyake havina mstari hata mmoja.

"Karibuni," akanong'ona. "Nani anaanza?"

Nilitarajia wifi acheke. Badala yake alinyoosha mkono wa kulia, kama mtoto anayekatwa kucha.

Mwanamke akaanza kumsugua kwa kiganja kitupu. Nongo zikatoka nyuzi nyuzi, nyeusi, kisha za kijivu, kisha za rangi ya ngozi yenyewe. Haziishi. Akazikusanya, akazifinyanga donge, akalitia mdomoni. Akatafuna taratibu, mate yakimchuruzika kidevuni. Halafu akalitema kiganjani na kulibandika ukutani.

Hapo ndipo nilipouangalia ukuta vizuri.

Mkono ulikuwa unachomoza pale. Bado mbichi. Una kovu la pasi, kovu la wifi yangu, pale pale kwenye kiwiko.

Kidole kimoja kikajikunja.

"Raha, wifi..." wifi yangu akanong'ona, macho kayafumba. "Nakuwa mwepesi..."

Nilimkamata kiuno nikamburuta. Nikatapika mlangoni, nikampitisha juu ya matapishi yangu. Sauti ya nyuma yetu haikukasirika, wala haikupanda.

"Bado upande mmoja."

Nje nikaukagua mkono wake. Kovu halipo. Vinyweleo havipo. Ulikuwa na ubaridi wa sabuni, nami nikauachia haraka.

Asubuhi nilimrudia fundi viatu. "Mzee, ulitupeleka wapi?"

"Niliwapeleka au mlijipeleka? Hamkuniacha nimalize." Akaweka kiatu chini, akashusha sauti. "Zamani walioingia walitoka safi, wakafurahi, wakapeleka ndugu zao. Vile vyumba vilikuwa vikubwa, mwanangu. Vimejaa."

"Na yule mwanamke?"

Akanikazia macho. "Kumbe wa sasa ni mwanamke?"

Akaokota kiatu chake, akaendelea kushona.

Wifi hakuumwa. Alioga tu. Alfajiri, mchana, jioni. Kaka akalalamika kwamba maji hayakai kwenye pipa. Siku moja nikamfuata bafuni kwao, nikamkuta anajisugua mkono wa kushoto kwa chuma cha kusugulia masufuria. Ngozi ilikuwa nyekundu, inatoa majimaji. Na taya zake zilikuwa zinatafuna.

Akaziba mdomo, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. "Usimwambie kaka yako."

Nilimwambia. Akacheka, akasema sisi wawili tumezidi vituko.

Jana jioni kaka akaja kwangu, uso umechangamka. Akavua shati palepale sebuleni, akanigeuzia mgongo.

"Gusa, dada. Mke wangu kanisugua. Nimelala kama mtoto mchanga."

Sikugusa. Mgongo ulikuwa mtupu, unang'aa, hauna hata kipele.

"Nongo alizipeleka wapi?"

Akafikiri kidogo. "Sijui. Alitoka nazo." Kisha akatabasamu. "Mama kasikia, naye kataka. Nimewaacha wanachemsha maji."

Nilitoka bila viatu. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa kwa ndani, mvuke unatoka chini yake, na ile harufu ya tambara. Nikagonga kwa ngumi zote mbili, nikamwita mpaka sauti ikakauka.

Alinijibu mama mwenyewe, taratibu, kwa raha ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake.

"Subiri zamu yako, mwanangu."