Sura ya Kanali

Mchora picha alikutwa asubuhi amelala kifudifudi chini ya mashine yake ya kuchapia, kisogo kimepasuka. Mpini wa chuma wa mashine hiyo ulikuwa kando yake, umepanguswa, hauna hata alama moja ya kidole. Juu ya kichwa chake zilianikwa nakala za Kanali mmoja shujaa, nyota mabegani, ameshika kikombe cha bati.

"Kimeibwa nini?" Inspekta alimuuliza mchapaji, ambaye ndiye aliyeukuta mwili.

"Mchoro wa penseli, afande. Ule wa asili. Marehemu alikuwa anaufungia kabatini, hakumwonyesha mtu."

"Ulikuwaje?"

"Sawa na hizi nakala, ila umegeuka. Unachora kwenye bamba la shaba, tindikali inakula mistari, ukichapa kushoto kunakuwa kulia. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

Usiku wa mauaji mchapaji alikuwa amelala hospitali, mkewe kajifungua. Wauguzi walithibitisha.

Mjane wa Kanali alifika na miwani nyeusi, akauliza habari za nakala kabla ya kuuliza habari za maiti.

"Huyu ni mumeo kweli, mama?"

"Mume wangu alikuwa na kitambi na videvu viwili, Inspekta. Huyu amependeza zaidi. Kambi zote zimeshaagiza."

"Basi ni nani?"

"Sikuuliza. Mchora picha alisema ana sura ya kishujaa, imekaa bure. Akaniwekea nyota tu."

Hakuwa na haya hata chembe, lakini kukosa haya si kosa la jinai. Na usiku ule alikuwa kwenye tafrija ya maafisa, akipongezwa.

Inspekta akavuka barabara. Dirisha la fundi cherehani lilitazamana na mlango wa marehemu. Mzee alikuwa anakata suruali, pini mdomoni.

"Shikamoo, mzee. Jana jioni uliona mtu akiingia pale?"

"Marahaba, mwanangu. Macho yangu yako kwenye nguo."

"Wewe mwenyewe hujawahi kuingia?"

"Nikafanye nini? Mimi na picha wapi na wapi."

"Kuna mchoro umepotea. Tunamtafuta aliyechorwa, au ndugu zake. Ni kijana askari, ameshika kikombe kwa mkono wa kulia."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Wa kushoto," mzee alisema.

Alijua papo hapo alichokifanya. Alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Nakala zote zinaonyesha mkono wa kulia, mzee," Inspekta alisema taratibu. Hakuifurahia kazi yake siku hiyo. "Wa kushoto uko kwenye mchoro mmoja tu."

"Mwanangu alikuwa mashoto. Nimeshindwa kukusikiliza ukimkosea."

Chini ya rundo la nguo alitoa karatasi, akaifungua mezani. Mabega yalikuwepo, mikono ilikuwepo. Uso ulikuwa umechanika vipande.

"Askari mwenzake ndiye aliyemchora, kule vitani. Wiki iliyofuata mwanangu akafa, na mwili hatukuletewa. Picha nyingine hatuna, nyumba yetu iliungua. Nikampelekea jirani yangu, nikamwambia, nitolee nakala mbili, moja ya mama yake, moja ya dada yake. Akawa ananizungusha, njoo kesho, njoo kesho. Siku moja naangalia dirishani kwake, namwona mwanangu amekuwa Kanali."

"Ukaenda."

"Jana. Nikamwambia, nirudishie karatasi yangu, sitaki ugomvi. Akanipa hii. Kumbe huwa wanaiweka juu ya shaba, wanaifuatisha kwa sindano mpaka inapasuka. Mke wangu haoni vizuri, Inspekta. Kila jioni ananiuliza, mtoto wetu anarudi lini, nimpapase hata karatasi. Nikauliza, sasa nitampa nini mama yake?"

"Akakujibu nini?"

Mzee alijaribu kuikunja karatasi. Ikataka kuchanika zaidi, akaiacha.

"Hakunitazama hata usoni. Alikuwa anazungusha mpini wake. Akasema, 'Chukua Kanali mmoja, mzee. Kwa kuwa ni jirani, nitakupunguzia bei.'"

Koplo mlangoni alikuwa ameshatoa pingu. Inspekta akamwashiria asubiri.

"Mtoto wangu wa kumzaa, Inspekta," mzee alisema. "Anipunguzie bei."