Waya Uliokatwa Goziba

Chaneli ya tisa haikuwa na maiki. Haikuwa na waya wala kitu chochote. Lakini taa yake ya kijani ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kwa mwendo wa mtu anayepumua.

Joviana alikuwa amepiga magoti kwenye stoo ya tajiri wake pale Ijuganyondo, akijaribu miksa, mashine ya kuchanganya sauti. Akaizima chaneli ile. Taa ikaendelea.

"Avit, hebu njoo uone."

Avit, fundi mkongwe wa stoo, alichungulia, akarudi nyuma hatua mbili. "Usivae hedifoni," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba waitu, usivae."

Alivaa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Miezi minane alikuwa akikunja waya na kubeba spika huku wanaume aliowazidi ujuzi wakikalia miksa. Sasa, kwa mara ya kwanza, tajiri Mwesiga alikuwa amempa kazi yake mwenyewe: jubilei ya miaka hamsini ya kwaya, Kashozi, Jumapili. Ikienda vizuri, angekuwa fundi wa miksa. Ikiharibika, alishaambiwa, arudi Buhembe akapalilie migomba ya baba yake. Hakuwa na nafasi ya kuogopa taa.

Ndani ya hedifoni kulikuwa na pumzi. Kisha ikaja harufu, sijui kwa njia gani, harufu ya plastiki inayoungua na mchanga uliolowa, na sauti ya mwanamke ikasema karibu kabisa na sikio lake: "Nani alikata?"

Joviana akazivua hedifoni. "Ni nani huyu?"

Avit aliangalia mlangoni kwanza. "Rosalina. Aliyekuwa hapo kabla yako."

Joviana alimjua kwa jina. Rosalina ndiye mwanamke wa kwanza kushika miksa kwa Mwesiga, akafa kwa umeme miaka mitatu iliyopita kwenye sherehe ya wafanyabiashara wa samaki, kisiwani Goziba, huko Muleba. Ilisemwa kwamba alishika maiki kwa mikono iliyolowa. Mwanamke mbishi, hajui kazi. Kila Joviana alipoomba kukalia miksa, alisimuliwa kisa hicho huku watu wakicheka.

"Si mikono," Avit alinong'ona. "Siku ile spika zilikuwa zinavuma, wageni wakalalamika. Mwesiga akafungua plagi, akakata waya wa ethi. Mvumo ukaisha. Rosalina hakuambiwa."

Joviana alihisi hasira inampanda mpaka masikioni. Kila fundi anaujua ujinga huo. Waya wa ethi ndio unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ukiukata, mvumo unaondoka, lakini umeme unabaki kwenye chuma, ukimsubiri wa kushika.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nina watoto wanne, dada."

"Naye alikuwa mtoto wa mtu!"

Akachukua bisibisi, akafungua plagi ya miksa. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa hadi leo. Miaka mitatu! Harusi zote zile, misiba yote ile, watoto wote walioshika maiki. Akaufunga upya, huku machozi ya hasira yakimdondokea mikononi.

Mwesiga hakuwa mgeni wa taa ile. Jumamosi asubuhi alikuja na mganga aitwaye Faruku, ambaye alifukiza ubani, akasoma sana, kisha, mtu mzima na akili zake, akanyunyiza maji ya waridi juu ya mashine ya umeme. Joviana alitamani kumpiga na stendi ya maiki.

"Jini la ziwani," Faruku alitangaza. "Limetoka."

Nyuma ya mgongo wake taa ikapanda mpaka nyekundu.

Mchana walikuwa Kashozi kwa mazoezi. Mvua ilikuwa imetoka kupita na kwaya ilisimama kwenye majani yaliyolowa. Spika zikavuma. Mwesiga akamjia Joviana, uso umemvimba.

"Umegusa plagi yangu?"

"Nimefunga ethi. Mvumo nitautafutia dawa nyingine."

"Kata."

"Sikati."

Mwesiga akamsukuma kando, akachomoa plagi, akakata waya kwa koleo lake mwenyewe, akaichomeka tena. Kimya kizuri kikatanda. Joviana akawapigia kelele waimbaji: "Asiguse mtu maiki!"

"Mnaona woga wa wanawake?" Mwesiga akacheka, akaichukua maiki. "Moja, mbili..."

Vidole vyake vikajifunga na havikufunguka tena, na haukuwa umeme, kwa maana umeme ungemrusha, huu ulikuwa mkono uliolowa ambao hakuna aliyeuona ukiubana wa kwake juu ya chuma, na ile harufu ya plastiki ikashuka juu ya kwaya nzima, na pumzi ikajaa spika zote mbili, nzito, ya mtu aliyesubiri muda mrefu, mpaka sauti ikauliza mbele ya watu wote: "Nani alikata?"

Katika safu ya sauti ya pili mama mmoja mfupi aliangusha kitabu chake.

"Yuster," Avit alinong'ona. "Mama yake Rosalina."

"Zima!" Mwesiga alilia ndani ya maiki. "Joviana, mwanangu, zima! Miksa ni yako kuanzia leo, kazi zote ni zako, zima tu!"

Swichi ilikuwa chini ya kidole cha Joviana. Kila alichokitaka kilikuwa pale. Akamtazama yule mama, ambaye alimzika mwanawe huku akiambiwa kwamba ameuawa na ujinga wake mwenyewe. Akapandisha sauti mpaka mwisho.

"Nani alikata?"

"Mimi! Nilikata mimi, Goziba! Hakujua, hakuwa na kosa!"

Ndipo Joviana akachomoa plagi. Mwesiga akaanguka kwenye majani, mzima, kiganja kimebabuka, na hakuna aliyekwenda kumwinua.

"Huna kazi," alisema akihema.

"Najua."

Plagi ilikuwa mkononi mwa Joviana. Spika hazikuwa na umeme hata chembe. Hata hivyo zikapumua, na zote mbili zikasema taratibu: "Mama."

Kwaya ikatawanyika mbio, vitabu na viatu vikabaki. Yuster hakukimbia. Alitembea mpaka kwenye spika, akaweka shavu kwenye wavu wake.

"Nipo, mwana wange," akajibu. "Nimesikia. Na nani mwingine alijua?"

Kando ya gari, Avit akaziba masikio.