Mawe Juu ya Paa la Zdravko

Jambo la mwisho la kawaida, anasema rafiki yangu Zdravko, lilikuwa kubishana na jirani yake Lojze mlangoni pa duka la mikate.

"Upepo wa burja unakuja, bwana, na paa lako halina hata jiwe moja!"

"Upepo ulichukue."

"Milojka angekuchapa."

"Milojka yuko makaburini. Nenda ukamwambie."

Bondeni Vipava vigae hukandamizwa kwa mawe kabla ya baridi. Miaka yote Zdravko alipanda ngazi, mkewe Milojka akimpa mawe na kumkemea: "Upande bapa chini! Jiwe si yai, wewe mzee!" Tangu amzike vuli ile, hakuona sababu ya kuiokoa nyumba.

Upepo ulifika kabla ya chakula cha jioni, umeme ukakatika. Zdravko alikaa gizani, akingoja paa liondoke, na ikiwezekana liondoke naye. Vigae vilianza kugongana juu ya chumba cha kulala. Kisha akasikia kitu kizito kikiwekwa juu ya vigae, taratibu; halafu kingine, pembeni yake. Kila kilipotua, vigae vya hapo vilinyamaza.

Asubuhi alipanda ngazi. Hakuna kigae kilichong'oka. Paa zima lilikuwa limepangwa mawe meupe ya mtoni, yale aliyolizungushia kaburi la Milojka kwa mikono yake. Yote yalilala upande bapa chini, isipokuwa moja karibu na ngazi. Hilo liliwekwa kama yai, upande wa mviringo chini, vile alivyozoea kuyaweka Zdravko mwenyewe.