Mshonaji Aliyeitwa Mvivu

Ndugu zangu, asubuhi ilikuwa haianzi mtaani kwetu bila wimbo wa jirani yangu mshonaji na cherehani yake. Tulimpa jina la Futikamba, ule utepe wa kupimia nguo, maana hakuandika vipimo vya mteja hata siku moja. Akikupima mara moja vimo kichwani, na nguo inakukaa kama ulizaliwa nayo.

Kisha akaugua korona. Homa iliondoka baada ya wiki mbili, tukamshukuru Mungu. Lakini harufu hakuisikia tena, na maneno yalimpotea akiwa katikati ya mazungumzo. Nusu saa tu kwenye cherehani, kichwa kinakuwa kizito kama kimejaa pamba.

Mumewe, fundi mwashi, alisema ni uvivu. Mama mkwe akaongeza kwamba mgonjwa asiye na homa anatafuta kubembelezwa. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

Vipimo navyo havikumkaa tena kichwani. Angeweza kuviandika, ila aliogopa tutasema Futikamba kaisha. Basi akakata sare za kwaya kwa kukisia. Mikono ikawa mifupi, mabega yakabana, zikarudishwa zote.

Siku aliyokuwa akizifumua, mumewe alirudi kula mchana akakuta moshi. Pasi ilikuwa imesahaulika juu ya kitambaa, moto umeshika meza. Chini ya meza mtoto wao amelala mkekani. Mama yake ameipa meza mgongo, anafumua.

Mwashi alimvuta mtoto kwanza, kisha akamwaga ndoo ya maji.

"Hukusikia harufu kweli?"

"Nimekwambia miezi mitatu sasa, baba watoto. Ukasema najidekeza."

Kesho yake walikwenda hospitali pamoja. Daktari aliwaeleza kwamba virusi vya korona vinaweza kuharibu uwezo wa kunusa, na kwa baadhi ya watu kumbukumbu na umakini hulegea kwa miezi mingi. Wengi hupata nafuu polepole, ila si wote. Akamwagiza apumzike, afanye kazi kidogo kidogo, na kila kitu akiandike.

Sasa anashona nusu siku. Harufu bado. Pasi anashika mumewe.

FUNZO

Homa kuondoka si ugonjwa kuondoka. Mtu wa nyumbani mwako akikwambia kichwa hakimkai sawa, mwamini, mpeleke kwa daktari, na umwombee. Sisi tulianza kwa kucheka, ikabaki kidogo tuzike mtoto.