Upande wa Jua

Saa nane mchana, kwenye uwanja wa depo moja ya dhahabu mtaani Kasuku, mwalimu wa usalama Ephraïm alibeba begani kidumu cha maji ya mazoezi, akajifanya amejikwaa, ili wafanyakazi waoneshe wanavyookoa mtu asidi ikimwagika. Ndani hamkuwa na maji. Ilikuwa asidi yenyewe, ile ya kusafishia dhahabu, na ikammwagikia usoni.

Inspekta Glodie alifika, akauliza, akaandika. Moyoni hakusikia kitu. Vita vilimwacha hivyo, na alishachoka kujishangaa.

"Nani alijaza kidumu?"

"Ni miye, mama inspekta," Musafiri alijibu huku akikohoa. "Lakini haki ya Mungu, nilitia maji ya bomba! Nikakiacha mu depo."

Asubuhi Musafiri alikuwa amezozana na Ephraïm, wote wakisikia. Basi polisi hawakutaka maneno mengi, wakamtia pingu. Mke wa Musafiri, mwenye mimba ya miezi minane, akaketi chini langoni.

Glodie akawatazama wengine. Macho mekundu, kikohozi. Wote walikuwa kivulini, chini ya bati, na upepo ukawapelekea moshi wote wa asidi. Mmoja tu hakukohoa: Mwanahamisi, mwenye funguo za depo.

"Mama, weye ulikuwa wapi?"

"Pale, karibu na lango."

"Juani? Jua hili?"

"Mwalimu mwenyewe alitufundisha asubuhi. Asidi ikimwagika, mutu asimame kule upepo unatokea."

"Wote aliwafundisha. Lakini walijua ni maji, wakabaki kivulini. Weye ulijua nini?"

Mwanahamisi akaweka funguo chini. Aliposema, sauti ilikuwa kavu.

"Mwaka elfu mbili na mbili, wakati wa vita, mwalimu huyu alisimama na bunduki kwenye kizuizi cha barabara. Mutoto wangu Yusufu alitoka kununua chumvi. Akamupiga risasi, miye ninaona. Juzi amekuja hapa kufundisha, akanipa mukono, akacheka. Hakunikumbuka hata kidogo."

"Ukabadilisha kidumu."

"Nilibadilisha."

Glodie akaagiza Musafiri afunguliwe. Mkewe alijaribu kusimama, akashindwa, akalia palepale.

"Daktari anasema jicho moja litapona," Glodie alisema, "kwa sababu mtu alimwosha haraka, maji mengi. Wenzako wanasema ni weye."

"Ni miye."

"Kwa nini, mama?"

"Alikuwa anaita mama yake," Mwanahamisi alisema. "Nikaenda."