Barua za Shadia kwa Walio Mbali

Evaristi alipiga simu kutoka Arusha Jumatatu asubuhi, saa mbili haijatimia, kushukuru kwa barua ya jana. "Mwakeye, mzee," alimwamkia kwa Kiha. "Mwambie Shadia asante." Alikuwa amefurahi kusikia kwamba mlango wa mama yake kule Kitanga umepata bawaba mpya, na kwamba bibi mwenyewe siku hizi analala upande wa dirishani kwa ajili ya kikohozi. Mzee Salumu akaitikia ndiyo, ndiyo, salamu zitafika. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka lake la stesheneri. Kasulu nzima haikuwa na umeme tangu Ijumaa, na jana hakuandika barua yoyote. Na Shadia, binti yake wa pekee, alikuwa na wiki ya saba kaburini.

Alipokuwa hai, Shadia alikuwa na mdomo, tena mdomo wa heri. Hakupita nyumba mtaani kwao Murubona bila kuulizia nani kaugua, nani kaposa, nani kanuniana na shemeji yake. Mwaka 2012, baba yake aliponunua modemu ya dukani, binti akaona umbea wake upate kazi ya maana. Akaanza kuwaandikia kwa barua pepe wenyeji wa Kasulu walio mbali, Dar, Mwanza, mpaka Maskati. Halikuwa tangazo moja la wote. Kila mtu alisema anataka kusikia nini, naye akaandikiwa chake: huyu bei ya maharage, yule afya ya mama yake, mwingine kama kaburi la baba limepaliliwa. Walifika watu sitini na watatu, na kila Jumapili asubuhi kila mmoja alijua kwao kumeamkaje.

Machi 2014 homa ya siku tatu ikamchukua. Aliacha mtoto wa miezi mitano, Dadi, ambaye baba yake alikwenda machimboni kabla hajazaliwa na hakurudi. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi zikaingia barua: Shadia, mbona kimya? Salumu akakaa mbele ya kompyuta aandike tanzia. Aliandika jina la mwanawe, mkono ukagoma. Akafuta. Akaandika bei ya maharage, chini akaweka jina la Shadia, akatuma. Jumapili iliyofuata akafanya vilevile. Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka moyo utulie. Ukweli ni kwamba watu walipojibu "Asante Shadia", kwa dakika chache mzee wa watu alikuwa tena na mtoto.

Umeme uliporudi Jumanne alifungua kompyuta. Barua za Jumapili zilikuwepo, sitini na tatu, kwa utani na mikato ya Shadia mwenyewe ambayo Salumu hakuwahi kuiweza. Mtu mwingine angemwita mkewe papo hapo. Yeye aliongeza anuani yake kwenye orodha, na mahali pa kueleza unataka habari gani akaandika: habari za nyumbani kwangu.

Kesho yake alfajiri barua ikaja. "Shikamoo baba. Hapo mmeamka salama. Mama kichwa kinamgonga ila hasemi. Dadi hajambo, amenyonya vizuri." Salumu alilia kwa furaha, Mungu amsamehe, wala hakujiuliza mtoto amenyonya kwa nani. Tangu hapo hakungoja Jumapili. Barua ilikuja kila siku, naye akaisoma kila siku, siku kumi na moja, na hakumwambia mtu.

Mkewe Mwanaamina ndiye aliyeona. Dadi alianza kukataa uji, akakataa na maziwa ya ng'ombe. Kila asubuhi shavu lake lilikuwa na unyevu, na chumba kilinuka udongo mbichi na maziwa ya mzazi, harufu mbili ambazo hazipaswi kukaa pamoja. Shingo ya mtoto ikawa nyembamba, mbavu zikahesabika, lakini halii njaa. Anacheua kama aliyeshiba.

"Baba Shadia," Mwanaamina alimwambia kwa sauti ya chini, akiutazama mlango, "huyu mtoto kuna mtu anamnyonyesha."

Salumu akamwambia ni meno yanaota.

Kulipopambazuka siku ya kumi na mbili alirudi kutoka msikitini mapema kuliko kawaida, na alipofika mlangoni pa chumba cha mtoto akasikia mlio aliouzoea yeye enzi za uhai wa Shadia, ule wa mtoto anayenyonya kwa pupa huku akivutia pumzi puani, akasogeza pazia, akamwona Mwanaamina amelala fofofo mkekani, na Dadi yuko peke yake kitandani, amelala ubavu, macho kayafumba, midomo inavuta hewa tupu na maziwa yanamchirizika shavuni, na mbele yake godoro limebonyea urefu wa mtu mzima aliyejiegemeza kwa kiwiko, kisha lile bonde likaanza kujaa, polepole, kama mama anayeinuka kwa uangalifu asimwamshe mwanawe.

Asubuhi hiyohiyo alimpigia simu Maalimu Mansuri, mtu wa Kibondo anayejulikana kwa kusomea majini. Alifika kwa basi kabla ya adhuhuri. Akafukiza ubani, akamsomea mtoto, akamtazama Salumu kwa muda mrefu, na Salumu akaungama yote mbele ya mkewe, barua moja baada ya nyingine. Mwanaamina hakumgombeza. Alijifunika uso kwa kanga, na hilo lilimuuma mzee kuliko matusi.

"Mwanao yuko kwa Mola wake," Maalimu alisema. "Huyu ni jini. Kalikuta jina halina mwenyewe, na wewe unaliita kila Jumapili, akaitika. Mtoto anashibishwa kisicho chakula. Wiki hii haimalizi."

"Nifanye nini?"

"Toa habari uliyoificha. Kila mtu mwandikie, kwa jina lako. Na huyo akikujibu, hata neno moja usimrudishie. Ukimjibu umemkaribisha mwenyewe, na mimi sitaweza tena kumtoa."

Salumu aliandika tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mimi Salumu, baba yake Shadia, ninakuarifu kwa majonzi kwamba mwanangu alifariki mwezi Machi. Mara sitini na tatu aliandika hivyo, na kila mara alimzika upya. Alipotuma ya mwisho, Mwanaamina aliita kutoka uani, nyuma ya duka: Dadi amekula kijiko cha uji. Halafu cha pili. Mzee aliinamisha kichwa mezani akamshukuru Mungu.

Rambirambi zikaanza kuingia. Evaristi aliandika kwamba amelia mbele ya watu kazini. Mmoja wa Maskati aliuliza sasa nani atamwambia habari za kwao. Salumu alizisoma zote, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alilia kama mfiwa.

Kisha ikaja moja kutoka kwa Shadia.

"Baba, mbona mimi hamkuniambia?"

Alijua ni nani aliyekuwa akimwandikia. Maneno ya Maalimu alikuwa bado anayasikia masikioni, na mkono ulishafika kwenye swichi ya kuzima. Lakini swali lilikuwa na uchungu wa mtoto aliyeachwa nje ya jambo la nyumbani kwao, na Salumu hakupata kumwacha mwanawe na swali hata siku moja. Akaurudisha mkono.

"Nilishindwa, mwanangu. Nisamehe," aliandika, akatuma.

Uani, Mwanaamina alikuwa anapeleka kijiko cha saba. Dadi aligeuza uso, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kuvuta.