Jina Lililofutwa Kabla ya Arobaini

Hamjambo wenzangu. Tulieni kidogo, na mwenye simu aizime mlio, maana hili silisemi kwa sauti kubwa.

Shadya alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya binafsi, Nachingwea. Asubuhi hiyo alibadilisha cheti cha seva, yaani kitambulisho ambacho kompyuta moja humwonyesha mwenzake ili iaminiwe. Cha zamani kilikuwa na jina la Uwesu, fundi aliyemtangulia, aliyezikwa Nkowe wiki tatu nyuma. Akakifuta, akaweka kipya.

Papo hapo taa nyekundu zikawaka. Stoo ya picha za eksirei haipatikani.

Akakagua waya, mzima. Akazima, akawasha. Haipatikani. Ndipo feni za seva zikaanza kupuliza harufu ya kafuri, ile ya maiti.

Na ndani ya stoo ile mlikuwa na picha za mwanawe Samia, miaka sita, aliyemeza sindano. Zilipigwa Ruangwa alfajiri zikatumwa huku, mtoto akaletwa kwa gari la wagonjwa, na sasa alikuwa chumba cha upasuaji, kinachopakana ukuta na chumba cha seva, akitapika damu.

"Bila picha sipasui," Daktari Dastani alisema mlangoni. "Nitamuua."

"Nipe dakika kumi, dokta."

"Mimi nakupa. Yeye hana."

Shadya akampigia simu Bi Sikuzani, mjane wa Uwesu.

"Shikamoo mama. Marehemu aliacha maelezo yoyote ya stoo?"

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nimefuta cheti chake tu, mama."

Bi Sikuzani akanong'ona. "Chenye jina lake? Sisi jina la marehemu haliguswi mpaka arobaini, apewe mjukuu. Sasa liko nje, na kilicholidaka si mume wangu. Kikikuuliza jina, usikipe lako. Namleta mwalimu wa Kurani amsomee marehemu."

"Mtafika lini?"

"Tuko Nkowe, mwanangu. Baada ya saa mbili hivi."

Shadya akageukia kioo cha kompyuta. Yalikuwa yametokea maneno mawili, *Nimwamini nani*, na feni zikapunguza mwendo kama mtu anayesikiliza, na kafuri ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na nyuma ya ukuta akasikia Samia akikohoa, kisha akasikia ameacha kukohoa, na vidole vyake vikaandika vyenyewe herufi baada ya herufi jina alilopewa na mama yake.

Taa zikawa kijani. Picha zikafunguka. Dastani akaitoa sindano.

Alasiri Samia alizinduka. Shadya akamshika mkono, mtoto akauvuta.

"Shikamoo," akasema kwa woga. "Mama yangu yuko wapi?"

"Si mimi hapa, mwanangu."

"Hapana." Samia aligeuzia uso ukuta wa chumba cha seva. "Mama ananiita kule."

Shadya akatega sikio. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Niacheni niondoke, bodaboda inanisubiri. Nikitoka Ruangwa nitapita tena hapa, niwaambie mtoto sasa anamwita nani mama.